Farasi Aliyeogopa Sindano na Joto Nililolificha

Siku yangu ya kwanza kazini nilipigwa teke kabla sijakabidhiwa hata ufagio. Nilikuwa nimetoka kwetu Makutupora kwa miguu, mkononi nina fimbo ya kuchungia, nikidhani kwamba mtu aliyelala nyumba moja na ng'ombe tangu utotoni hawezi kushindwa na farasi. Nikampitia mmoja kwa nyuma, kimya, kama tunavyompitia ng'ombe anayekula. Nilipozinduka nimekaa kwenye samadi, nimeshika paja, na mtu mzima mwenye kofia nyeupe ya kushona amesimama mbele yangu anacheka.

"Mbukwa, Mgogo," akaniamkia kwa lugha ya kwetu. "Huyu si ng'ombe. Ng'ombe akisikia kitu nyuma yake, anadhani ni mwenzake. Farasi anadhani ni simba."

Mtu huyo alikuwa Feruzi, saisi mkuu wa zizi la farasi la boma, Dodoma. Saisi ni mtunza farasi. Ninyi vijana mnaosomea utabibu wa mifugo mnapanda magari na neno hilo halina kazi kwenu, lakini wakati wa Mjerumani lilikuwa cheo. Baba yake Feruzi aliingia bara na misafara kutoka pwani, akachokea Mpwapwa, akaoa hapo, na mtoto akakua katikati ya punda na nyumbu wa wafanyabiashara. Alikuwa mtu wa swala tano na wa utani usiokwisha. Mimi alinipenda kwa sababu nilikuwa sijui kitu na sikuona haya kusema sijui.

Juu yake alikuwapo Bwana Luteni, aliyesimamia zizi. Luteni alikuwa mtu wa saa. Kunywesha kulikuwa na saa yake, kupiga brashi na saa yake, kukagua kwato na saa yake. Kosa dogo lilikuwa viboko vitano, kosa kubwa hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano, na kati ya hayo mawili hapakuwa na onyo. Nilipata vitano mara mbili katika mwaka wa kwanza. Vya mara ya pili vilikuwa vya haki kidogo, maana nilitandika tandiko juu ya mgongo wenye jasho bichi, na mgongo ule ukachubuka wiki nzima.

Lakini bwana wetu hasa alikuwa ndorobo, yule mbung'o anayeuma wanyama na kuwatia ugonjwa wa damu. Farasi si mnyama wa nchi yetu. Karibu kila aliyeshushwa kwenye treni alikuwa amekuja kufa, na kazi yetu ilikuwa kuchelewesha siku hiyo. Kwa hiyo kila farasi alipimwa joto asubuhi na jioni. Kipimajoto cha mnyama huingizwa chini ya mkia, kikapakwa mafuta kwanza, kikashikiliwa dakika tatu. Joto likipanda, Bwana Daktari wa Wanyama anatoboa sikio, anachukua tone la damu na kulitazama kwenye hadubini. Katika masaisi wote ni mimi peke yangu niliyeweza kusoma namba zile, kwa kuwa nilikaa mwaka mmoja shule ya misheni. Feruzi alisoma Kiarabu vizuri, ila macho yake yalikuwa yameanza kuchoka na ule uzi mwembamba wa zebaki hakuuona.

Ndipo akaja yule farasi. Alikuwa jike, mwekundu, mguu mmoja mweupe, na kichwa chake kilifunikwa gunia. Walisema bila gunia angevunja behewa. Feruzi akatazama watu sita wanavyomshusha, uso umefunikwa, anatetemeka mwili mzima, akasema, "Haya, tumeletewa bibi harusi." Jina likashika. Wajerumani walikuwa na jina lao kwenye karatasi, sisi tukamwita Harusi.

Woga wake ulikuwa na sababu. Shingoni, upande wa kushoto, alikuwa na uvimbe mgumu wa ukubwa wa yai. Mtu fulani huko alikotoka alimchoma sindano kwa nguvu huku mnyama akiruka, na dawa za siku hizo zilikuwa kali. Zikimwagika nje ya mshipa zinaunguza nyama. Tangu hapo, akisikia harufu ya karboli, ile dawa madaktari wanayonawia mikono, akili ilimtoka.

Bwana Daktari alijua njia moja tu, nayo ni kibano. Ni kijiti chenye kitanzi cha kamba. Kitanzi unakitia kwenye mdomo wa juu wa farasi, unakisokota, na mnyama anaduwaa kwa maumivu mpaka umalize kazi yako. Kwa farasi wengine kilifaa. Harusi alisimama amebanwa, weupe wa macho nje, damu inachuruzika mdomoni, na kitanzi kilipolegea kidogo tu akageuka akamvunja Daktari vidole viwili.

Bwana Luteni alikwishashika bastola. Daktari, mkono wake ndani ya kitambaa, akamzuia. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyechoka. Akasema kwa Kiswahili chake cha amri, "Miezi mitatu. Akubali kupimwa, atabaki. Akatae, risasi. Mimi simshiki tena."

Akatazama huku na huku akitafuta wa kumtwisha mzigo. Feruzi akanisukuma mbele. "Huyu hapa, bwana mkubwa. Ana subira ya watu wa ng'ombe."

Mwezi uleule Daktari akahamisha farasi wanane, pamoja nami na Feruzi, kwenda kituo kidogo chini ya vilima vya Kibakwe, ambako ndorobo walikuwa wachache. Feruzi alikuja na mkewe na binti yao mdogo, Mwanaidi. Hapo ndipo nilipojifunza kazi niliyoifanya maisha yangu yote.

Nitaieleza, maana bado inafaa hata kwa ng'ombe na mbwa. Wiki mbili za kwanza sikumgusa Harusi. Nilikaa kwenye kona ya banda lake nasokota kamba, ubavu wangu ukimwelekea, simtazami usoni. Anayekukazia macho ni anayetaka kukula. Farasi anajua hivyo. Kisha nikalowesha kitambaa kwa karboli, nikakitundika mbali, nje ya ua, na siku ile nikamlisha mtama vizuri. Kila siku kitambaa kikasogea hatua moja. Akiacha kula, nilikirudisha nyuma hatua mbili. Feruzi alipita akanitania, "Mgogo, unamposa au unamtibu?"

Mkono ulianzia begani, mahali farasi wanapokunana wenyewe kwa wenyewe. Hapo ndipo penye siri ya kazi, na Feruzi ndiye aliyenifunulia. Mwanzoni Harusi alipopiga kwato nilikuwa naondoa mkono haraka.

"Umemfundisha nini sasa?" akaniuliza.

"Sijamfundisha kitu, kaka. Nimekwepa teke."

"Umemfundisha kwamba teke linafukuza watu. Ukiuweka mkono, utulie nao. Akipigana, uwe naye. Akitulia, hata kwa pumzi moja, hapo uondoe. Ajue kwamba utulivu ndio unaomfungulia."

Basi nikafanya hivyo. Begani, mgongoni, kiunoni, mkiani, wiki baada ya wiki. Sisi kwetu ng'ombe aliyefiwa na ndama hukataa kukamuliwa, na hulambishwa chumvi kwenye ngozi ya ndama wake mpaka maziwa yashuke. Nikaagiza chumvi ya udongo kutoka Bahi, na kila Harusi alipovumilia jambo jipya alilamba kiganja changu. Mahali pa kipimajoto nilitumia kijiti cha mti laini, nimekimenya na kukipaka mafuta. Mahali pa sindano nilibonyeza mshipa kwa kidole gumba, kisha kwa ncha ya mwiba butu. Nilikojoa damu mara moja kwa teke lake, sikumwambia mtu.

Miezi mitatu ilipotimia Daktari akaja akasimama hatua kumi mbali. Nikainua mkia, nikaingiza kipimajoto, nikahesabu dakika tatu. Harusi aligeuza shingo akanitazama, akarudi kwenye majani yake.  Daktari akasema, "Huyu utampima wewe siku zote. Namba yako itakuwa namba yangu."

Sijawahi kupewa cheo kikubwa kuliko kile. Nilitembea siku nzima shingo imenyooka, na Feruzi akachinja jogoo.

Baada ya masika ukaingia ugonjwa ambao Wajerumani waliuita rotsi. Farasi anatoka makamasi mazito puani, ndani ya pua vidonda, chini ya ngozi mafundo. Hauna dawa, na binadamu anaupata. Daktari alitukusanya akatuambia hayo yote, sisemi kwamba hakusema. Akaeleza pia namna ya kuutafuta kabla haujaonekana: jioni farasi anachomwa dawa maalumu shingoni, na tangu alfajiri anapimwa joto kila baada ya saa mbili. Mwenye ugonjwa hupanda joto na kuvimba pale alipochomwa. Huyo anauawa siku hiyohiyo.

Jioni ile nilimchoma Harusi mwenyewe, upande wa kushoto ambako alikwisha kuzoea kidole changu, karibu na ule uvimbe wake wa zamani. Hakutikisika. Asubuhi Daktari akapima saba, mimi nikapima mmoja. Alfajiri alikuwa sawa. Kipimo cha pili kimepanda kidogo. Cha tatu, jua limekwisha kupanda, nikakiinua kipimajoto kwenye mwanga na zebaki ilikuwa imefika arobaini na nukta tatu.

Nataka mnielewe, sitafuti kusamehewa. Nilipokuwa mdogo sotoka ilipita kwetu ikamaliza ng'ombe wa nchi. Kila mtu alichinja wagonjwa wake apate walau nyama. Baba yangu alikuwa na mtamba mmoja aliyewaka homa, akakataa kumchinja. Akamficha ndani ya tembe, nyumba yetu ya udongo, akatandaza majivu mlangoni kufukia nyayo zake, akawaambia wazee kwamba mtamba ni mzima. Mtamba yule akapona. Sisi wenye ng'ombe tunajua kwamba aliyepona sotoka haugui tena, na kwa maziwa ya mtamba yule mimi na ndugu zangu tuliishi. Basi kwangu mimi homa ya mnyama haikuwa hukumu. Ilikuwa jambo la kumfichia mpaka lipite. Nilimwona Daktari kama wale wazee waliochinja haraka wakabaki na mazizi matupu.

Na zaidi ya hayo nilimpenda. Nilikuwa nimemfundisha kwa miezi mitatu kwamba kipimajoto hakitamdhuru.

Nikaenda kwenye ubao wa vipimo nikachukua chaki nikaandika thelathini na nane nukta tatu, joto la farasi mzima. Vipimo vilivyofuata nikaviandika hivyohivyo, vinapanda kidogo, vinashuka kidogo. Daktari akaja akatazama uvimbe wa shingoni, akauliza, "Huu wa zamani?" Nikasema, "Wa zamani, bwana mkubwa." Akaandika kwenye daftari lake. Farasi wawili wengine wakaonekana wana rotsi. Wakapigwa risasi mchana ule, wakachomwa moto bondeni, na moshi wake ulitukalia siku mbili. Nilijiambia kwamba nimemwokoa mmoja katika moto ule.

Kama wiki tatu zilipita. Asubuhi moja Feruzi alinikuta kisimani.

"Malogo, Harusi ana kitu puani, upande mmoja. Kile kipimo chake una hakika nacho?"

Hapo ndipo ningeweza kusema kweli. Tulikuwa wawili tu, na yeye si Mjerumani, asingenipeleka kwenye kiboko. Lakini Feruzi ndiye aliyenisukuma mbele siku ile, ndiye aliyechinja jogoo. Niliona haya mbele yake kuliko nilivyomwogopa Luteni.

"Nina hakika, kaka," nikasema.

"Alhamdulillahi. Basi ni vumbi hili la kiangazi." Akachota maji ya uvuguvugu, akaenda kumsafisha pua kwa vidole vyake, anamwimbia kama alivyozoea. Kidole gumba chake kilikuwa kimechanwa na kamba siku iliyotangulia. Mimi niliona kidonda kile, nikaona na mkono ule ukiingia puani, nikainama nikaendelea kuteka maji.

Sitaeleza sana alivyokufa. Mkono ulianza kuvimba, mafundo yakapanda hadi kwapani. Ikaja homa iliyomtetemesha kitanda. Kisha usoni vikatoka vidonda, na puani mwake yakatoka yale niliyokwisha kuyaona puani mwa farasi. Daktari aliamuru mtu yeyote asiingie kwake, hata mkewe; mimi nikaingia. Nilimpepea nzi. Siku ya mwisho aliyoweza kusema, alisema, "Mdogo wangu, umenitazama vizuri. Mwanaidi na mama yake nakuachia wewe." Nikasema nimepokea. Hata hapo sikumwambia.

Tulipotoka makaburini Daktari alikwenda moja kwa moja kwenye banda la Harusi na kipimajoto kipya. Akaniamuru nimshike kichwa, apime mwenyewe. Harusi alisimama kimya kabisa, maana nilimfundisha vizuri. Daktari akasoma, akatazama ndani ya pua kwa taa, akaenda ofisini akarudi na daftari na kile kipimajoto changu cha zamani. Nilingoja hamsa ishirini. Naapa niliitamani.

Akakigeuza kile chombo kwenye jua, akatikisa kichwa. "Kibovu," akasema. "Si kosa lako." Akakipiga kwenye jiwe kikavunjika, zebaki ikakimbia mavumbini. Ningesema neno moja tu, na neno hilo halikutoka.

Aliyempeleka Harusi bondeni ni mimi, kwa kuwa kwa mtu mwingine asingekwenda. Luteni alikuja na bastola. Daktari alikuwa amenawa mikono, na upepo ukaleta harufu ya karboli. Harusi akainua masikio, akashusha mdomo wake kwenye kiganja changu, akakilamba akitafuta chumvi. Akapigwa risasi hivyo, ameinama, ulimi wake ukiwa mkononi mwangu.

Baada ya hapo ikaja vita, Mjerumani akaondoka, akaja Mwingereza na madaktari wake wa mifugo, nami nikaendelea na kazi chini yao mpaka nikastaafu. Nilipima joto la ng'ombe, mbuzi na punda katika kila wilaya ya nchi hii kavu, na sikuandika tena namba nisiyoiona. Mabwana walinisifu kwa ukweli wangu. Kila niliposifiwa nilijua mtu gani amelipia sifa ile, nikashika kofia yangu nikatoka nje. Mama yake Mwanaidi nilimjengea nyumba hapa Dodoma na binti nilimwoza. Watu walisema, tazama rafiki wa kweli.

Mwaka jana mama yake alifariki. Mwanaidi sasa ni bibi mwenye wajukuu, na tangu mke wangu afe yeye ndiye aliyekuwa akiniletea chakula kila Ijumaa, akibisha hodi na kusema, "Shikamoo, baba." Ijumaa moja nikamwambia akae. Nikamweleza yote kama nilivyoyaandika hapa. Hakulia. Alitazama sakafu, kisha akaniuliza, "Umeniambia leo kwa sababu umezeeka, au kwa sababu mama amekufa?"

"Vyote viwili," nikasema.

"Mama alipika kwa ajili yako miaka yote ile."

"Ndiyo."

Akabeba sahani zake na chakula ndani yake, akaenda. Ijumaa nne hakuja. Sikumtuma mtu, ningesema nini? Wakati ule ndipo walimu wa chuo chenu waliponiomba niandike namna tulivyotibu wanyama zamani, nikakataa, nikasema mkono unatetemeka.

Ijumaa ya tano alisimama mlangoni mikono mitupu. Hakunisalimu. "Nimesikia wamekuomba uandike na umekataa. Utaandika. Hao watoto wanaopewa vipimo waambie. Na usiandike 'saisi fulani', wala 'rafiki yangu mmoja'. Uandike jina lake lote, na uandike kilichomuua."

Nimeandika. Alikuwa Feruzi bin Hamadi, mwenyeji wa Mpwapwa, saisi mkuu, mume wa mtu na baba wa Mwanaidi. Rotsi ilimkuta kwenye pua ya farasi niliyesema ni mzima. Mimi Malogo niliona arobaini na nukta tatu, nikaandika thelathini na nane nukta tatu.